Nauza Vitz yangu mwenyewe bila dalali, hii kutu ya chini niiseme?

MkaaziFuoni

Asalaam aleykum jamani. Nna Vitz ya 2001, ile ya umbo la mwanzo, cc 997, nnayo mwaka wa saba huu. Nnaiuza si kwa ubaya, watoto washakuwa wanne na mama nae kila mwezi tunampeleka Mnazi Mmoja kliniki, mle ndani hatuenei tena, nnatafuta Noah.

Nilianza kwa dalali mmoja, akaizunguka gari mara moja tu hata boneti hakufungua akanambia niachie kwa milioni tano. Siku ya pili rafiki yangu ananionesha picha ya gari yangu kwenye grupu la WhatsApp, imetangazwa milioni sita na laki nne! Yaani cha juu chake yeye milioni moja na laki nne kwa gari ambayo hajawahi kuitia hata lita moja ya mafuta. Nikamwambia basi sheikh, ahsante, ntauza mwenyewe.

Sasa shida yangu ndo hii. Hii gari miaka mitatu alikuwa nayo mdogo wangu Jambiani, anafanya kazi hoteli, akiilaza pale pale ufukweni chini ya minazi, upepo wa bahari usiku kucha. Juu mashaallah rangi bado inang'ara, injini inawaka mara moja, gia zinaingia vizuri. Lakini ukinyanyua kapeti upande wa dereva kuna tundu kidole gumba kinapita, usiku ukipita penye taa unaiona lami inakimbia chini ya mguu wako. Na vile vizingiti vya chini ya milango ukivigusa vinamwaga unga.

Kuna fundi wa bodi kanambia nimpe elfu themanini anipigie puti (ile dawa ya kujazia matundu ya bodi) halafu apulizie rangi nyeusi chini kote, "mtu hata akilala chali hajui". Neno hilo siku ya tatu leo halinitoki. Kwa upande mmoja nikisema ukweli naona watu watakimbia, na nnazihitaji hizo pesa ili nitie kwenye hiyo gari nyengine, kwa upande wa pili nitakutana nae vipi huyo mtu sokoni Mwanakwerekwe, kisiwa chenyewe hiki.

Naomba mnisaidie, hii kutu niseme au nimwachie mnunuzi aje na fundi wake aione mwenyewe? Na bei niweke ngapi? Na hili la kadi na makaratasi linakwendaje maana hii nilinunua kwa ami yangu, kila kitu alinifanyia yeye.

---

Fundi_Mwera

Waaleykum salaam. Usimpe huyo fundi hata shilingi. Mie nafanya kazi ya bodi na injini, nakwambia kwa kujua.

Kwanza elewa gari yako ilivyo. Vitz haina chesisi inayojitegemea kama pikapu, bodi yenyewe ndo mifupa. Sakafu na hivyo vizingiti ndo vinavyobeba kila kitu, siti imefungwa hapo, mkanda wa siti umefungwa hapo, jeki inakaa hapo. Kwa hiyo kutu ya boneti ni sura tu lakini kutu ya kizingiti ni nguvu ya gari. Ukijaza puti hujarudisha nguvu umerudisha umbo tu. Mtu akigongwa ubavuni, puti haimkingi.

Pili hiyo rangi nyeusi. Ukiipuliza juu ya bati lenye kutu na chumvi unaifungia chumvi ndani. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, bati halikauki, kutu inaendelea kula huku juu pamefunikwa. Baada ya masika moja inavimba na kubanduka kama ganda la muhogo na hapo chini hakuna bati tena. Rangi hiyo ni nzuri ikipigwa kwenye bati safi, sio kufunikia uchafu.

Kama unataka kutengeneza tengeneza kweli: bati bovu likatwe lote mpaka kwenye bati zima, kichomelewe kipande kipya, dawa ya kutu, ndo rangi. Itakugharimu zaidi ya hiyo elfu themanini tena sana na hutoirudisha yote kwenye bei. Kwa gari ya bei hii ushauri wangu ioshe chini kwa maji baridi ya mfereji, iache wazi kama ilivyo, muoneshe mtu na punguza bei. Mnunuzi anaejua atakwenda kuchomelea kwa fundi wake anaemuamini.

Ila kabla hujauza shika siti ya dereva uitikise kwa nguvu. Ikicheza, usimpe mtu hiyo gari aiendeshe mpaka paungwe. Hili sio la bei.

Upande wa injini una la kusifu, liseme. Hiyo injini yako, 1SZ, inatumia cheni sio mkanda wa taimingi, mnunuzi hana haja ya kuogopa mkanda kukatika. Usioshe injini asubuhi ya siku anayokuja mtu, anaejua akiona injini inang'aa atauliza kilichooshwa ni nini. Na usiiwashe kabla hajafika, muache aje aguse boneti ya baridi awashe mwenyewe. Moshi wa buluu inakula oili, mweusi inakula petroli kupita kiasi, mweupe mzito usiokwisha hapo tena maji yanaingia pasipotakiwa. Kama yako haitoi kitu, huo moshi usiokuwepo ndo utakuuzia gari.

---

KijanaWaAmani

Mie naona mnamtisha bure. Gari ya miaka zaidi ya ishirini visiwani hapa nani hajui ina kutu? Mnunuzi mtu mzima, aje na fundi, alale chini, aangalie, wakikubaliana wamekubaliana. Asidanganye akiulizwa, lakini na yeye si lazima ajitangazie aibu ya mali yake. Madalali wote wanauza hivyo na watu wananunua.

---

Mzee_Kikwajuni

Mwanangu wa Amani, nakuelewa, lakini hili lina jawabu lake la zamani. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye lundo la chakula akaingiza mkono ndani vidole vikatoka na majimaji. Akamuuliza mwenyewe ni nini hiki, akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Kisha akasema mwenye kughushi si katika mimi.

Angalia yule muuzaji hakuulizwa na mnunuzi akakana. Alinyamaza tu na kavu akaiweka juu. Vitz ya ndugu yetu juu inang'ara na majimaji yako chini, ni lile lundo lile lile.

Na hapa kwetu kuna tabu nyengine, watu wanaficha aibu halafu wanaandika kwenye karatasi "nimeuza kama ilivyo" wakadhani wamevuka. Hiyo "kama ilivyo" inamfaa mtu aliyeoneshwa ilivyo.

Jengine, kama utamuuzia mtu kwa mafungu, nusu sasa nusu mwezi ujao, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 Suratul Baqarah, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Watu wanaona haya kuandikiana kwa sababu ni jirani au shemeji, halafu miezi mitatu baadae hawasemeshani.

---

Bi_Mpendae

Mie nataka niseme la kadi kwa sababu yalinikuta na sitaki yamkute mtu.

Niliuza Starlet yangu 2017. Mnunuzi kijana mpole tu, kaja na mamake, kanilipa taslim, nikampa kadi na ufunguo, akanambia dada usijali wiki ijayo nakwenda kubadilisha jina. Nikamuamini. Kumbe yeye alikaa nayo miezi miwili akamuuzia mwengine na huyo nae hakubadilisha. Mwaka na nusu baadae naja kutafutwa nyumbani usiku, gari imemgonga mtu wa baskeli njia ya Bububu na dereva kakimbia, wakaangalia namba, jina lililotoka ni langu mie. Mama yangu alikuwa mgonjwa kalala chumba cha mbele, akasikia sauti za wanaume ukumbini wananiuliza usiku wa leo ulikuwa wapi. Sitoisahau ile siku.

Kilichoniokoa ni karatasi. Kaka yangu alinishikilia siku ile ya kuuza tuandikiane, mie naona anachelewesha watu, akaandika majina yetu kamili na namba za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe NA SAA. Mashahidi wawili, mmoja wake mmoja wangu, kila mtu akabaki na nakala. Hiyo saa ndo muhimu, maana ajali ikitokea jioni ya siku ile ile karatasi isiyokuwa na saa haikusaidii kitu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Fuoni usitoe kadi mkononi mwako ukampa mtu aende peke yake. Nendeni pamoja ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar (wengine bado tunaizoea ZRB) mkabadilishe jina wewe mwenyewe ukiwepo, ndo umwachie. Na kabla ya kutangaza angalia kwanza hiyo kadi ina jina la nani! Umesema ulinunua kwa ami yako. Kama bado ni jina lake basi yeye ndo muuzaji kwenye karatasi, aje atie saini. Akiwa keshafariki tena ndo mambo ya mirathi na warithi wote. Angalia na rodi laisensi kama haidaiwi, maana deni likijitokeza mbele ya mnunuzi atadhani na mengine umeficha.

Pesa: milioni tano ni noti mia tano za elfu kumi, usihesabu juu ya boneti barabarani. Kutaneni benki mchana, ahesabu mtu wa dirishani kwa mashine iingie kwenye akaunti yako. Akisema katuma kwa simu usiangalie meseji, angalia salio, meseji za uongo zinatumwa kila siku.

Na dada zangu mnaouza, msiende peke yenu kumuonesha mtu gari pahala pa uchochoro. Mie mara ya pili nilipouza nilikutana na watu wote kituo cha petroli na kaka yangu kakaa ndani ya gari.

---

MkaaziFuoni

Ahsanteni sana. Bi Mpendae umenishtua, nimetoka sasa hivi kwenda kuangalia kwenye droo ya gari, kadi ina jina la AMI. Miaka saba naendesha sijawahi hata kufikiria. Yuko hai alhamdulillah, yuko Makunduchi, kesho nakwenda.

Siti nimeitikisa, ya dereva upande mmoja inacheza kidogo. Fundi hiyo ndo nini?

---

Fundi_Mwera

Bolti za siti hizo zimekaa kwenye bati lililolika. Usimsubiri mnunuzi, paunge hapo tu palipofungwa siti, kipande cha bati cha milimita mbili kichomelewe mpaka kwenye sehemu nzima. Piga picha kabla na baada. Pengine pote paache.

---

Kaka_Wete

Mie nasema kama mnunuzi, na ilinikuta.

Mwaka juzi nilinunua gari kutoka Unguja kwa picha. Nilimuamini muuzaji, picha ishirini zote za juu, ikaletwa kwa meli mpaka Mkoani, nikenda kuipokea na mtoto wangu, tumefurahi, tumepita Chake tumekunywa juisi, tukafika Wete watu wa mtaani wametoka kuitazama. Asubuhi naipeleka kwa fundi abadilishe oili tu. Akainama, akagonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi, badala ya kulia ngaa kikalia du. Akachoma. Bisibisi ikazama yote. Akavuta kikatoka kipande cha puti na nyuma yake gazeti, limekunjwa kunjwa likashindiliwa mle ndani ndo puti ikashika juu yake. Gazeti bado linasomeka yakhe! Nilisimama pale na kile kipande mkononi mtoto ananitazama, sina la kumwambia.

Nikampigia muuzaji, simu ikapokelewa mara moja, baada ya hapo haikupokelewa tena. Gari nimetengeneza, natembea nayo mpaka leo, si gari mbaya. Angelinambia tu nakupunguzia laki sita kuna kutu, ningeichukua vile vile na leo ningekuwa namuombea dua. Kilichoniuma si bati, ni lile gazeti, kwamba kuna mtu alikaa chini akalikunja na mikono yake akijua.

Kwa hiyo muuzaji sema gari ililala wapi. Hili watu hawaulizi nalo ndo la kwanza. Kisiwa chetu kilomita ni chache, dashibodi inaweza kuonesha ndogo na bado gari imeoza kwa sababu ililala Jambiani au Micheweni pwani miaka. Gari ya Dole au Machui iliyolala bandani ina kilomita nyingi na chini yake safi.

Na aliye Pemba anaenunua Unguja, tuma mtu. Jamaa yeyote alale chini akupigie video na sumaku mkononi, sumaku isipogandama pahala pa bati hapo pana puti. Nauli yake haifiki robo ya yaliyonikuta.

---

Mama_Duka_Jangombe

Kuhusu bei, tizama za aina yako mwaka wako zinazotangazwa lakini jua hiyo ni bei ya kuombea sio ya kuuzia, na nyingi zina cha juu ndani. Mie ningeweka milioni tano na laki sita nikaandika kabisa kwenye tangazo "sakafu ina kutu, bei imezingatia". Watapiga wachache lakini watakaopiga wameshakubali, hupotezi mafuta kuzunguka na watu. Picha piga asubuhi jua halijapanda, pembe nne, ndani, dashibodi imewashwa ili watu waone hakuna taa ya injini, na hiyo ya kutu nayo iwe wazi sio ya giza. Na bandika karatasi kioo cha nyuma namba ya simu kubwa. Watu wanadharau karatasi, mume wangu kauza gari mbili kwa karatasi tu akiegesha mbele ya msikiti siku ya Ijumaa na maskani wakaeneza habari. Wakija kuijaribu kaa nao ndani, usimpe mtu usiemjua ufunguo akazunguke peke yake.

Akikuletea pesa kidogo za kushikia gari ziitwe arubuni na semeni mapema zinarudi au hazirudi na mpaka lini. Ugomvi wa arubuni ni mwingi kuliko wa gari wenyewe.

---

KijanaWaAmani

Kaka wa Wete pole sana. Niliandika vile nikifikiria muuzaji tu. Nimeelewa.

---

MkaaziFuoni

Jamani narudi, siku ya kumi na mbili leo, gari imeuzwa.

Ami alikuja mwenyewe kutoka Makunduchi na kitambulisho chake, Mungu amuweke. Bati la siti nimelichomelea, picha ninazo. Tangazo nikaandika ililala Jambiani miaka mitatu, sakafu imetoboka, vizingiti vimelika. Siku tano hakuna aliyepiga ila madalali, nikaanza kujuta wallahi, mke wangu akanambia subiri. Siku ya sita kapiga mwalimu wa skuli, anakaa Mahonda, kaja na fundi wake. Nilinyanyua kapeti mie mwenyewe kabla hawajauliza, nikashika mkono wa fundi nikamuwekea kwenye tundu. Akacheka akasema leo kazi yangu umenifanyia. Baada ya hapo hawakutafuta tena kitu, wakawasha injini ya baridi, wakaenda nayo mpaka Tunguu na kurudi mie nimekaa nyuma, wakanishusha bei mpaka milioni tano na laki moja nikaridhia. Laki moja zaidi ya alivyotaka kunipa dalali na hakuna mtu aliyedanganywa.

Pesa tumeingiza benki, karatasi tumeandikiana saa nne na dakika ishirini asubuhi, mashahidi wawili, na jina tumekwenda kulibadilisha sote watatu na ami. Mwalimu kanambia fundi wake anaanza kuchomelea Jumamosi.

---

Bi_Mpendae

Alhamdulillah. Nakala yako usiitupe hata baada ya miaka. Na bima umemwambia akabadilishe jina?

---

MkaaziFuoni

Nimemwambia, kasema keshokutwa anakwenda.

---

Fundi_Mwera

Mabruk. Jeki na spana ya tairi umempa? Watu husahau.

---

MkaaziFuoni

Jeki nimempa, spana nimeikuta sasa hivi stoo nyuma ya ndoo. Namtumia kesho asubuhi kwa gari ya Mahonda, nishampigia simu aipokee.